Chati ya Excel imekugomea? Anza na seli kabla hujailaumu kompyuta

Mwezi uliopita mzee mmoja, katibu wa kikundi cha wavuvi cha huku kwetu Tanga, kaja dukani kwangu Ngamiani na flashi kaifunga kwenye leso. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku keshavuta kiti, afu akaniambia mwanangu ile kompyuta ya ofisini imekufa, kila nikitengeneza grafu inasema miezi sita hatujavua kitu. Nikaichomeka flashi. Faili zuri tu, kalipanga vizuri kuliko vijana wengi wanaokuja kuprinti ripoti za fildi, kolamu ya mwezi, kolamu ya kilo, kolamu ya pesa. Chati ndo ilikuwa kichekesho, mstari umelala chini kama mkeka kuanzia Januari mpaka Juni.

Kompyuta haikuwa na kosa. Kwenye kilo kaandika 120kg, 95kg, 210 kg, na kwenye pesa kaandika 480,000/= vilevile anavyoandika kwenye risiti. Mimi na wewe tukiona tunajua hizo ni namba. Excel inaona maneno, sawasawa na ungeandika jina la samaki, changu au kolekole, na neno likiingia kwenye chati linachorwa sifuri.

Na chati karibu zote ninazoletewa zimeharibika ziko hivohivo, ugonjwa hauko kwenye chati, uko kwenye seli, vile visanduku unavyoandikia namba. Watu wanashinda wanabadilisha rangi, wanabadilisha aina, wanafuta wanaanza upya, wakati mgonjwa kalala chumba kingine. Kwa hiyo huku chini naenda kwa dalili, wewe tafuta yako. Majina ya vitufe nayaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo mana Excel za wengi wetu ziko kwa Kiingereza.

Dalili: mstari umelala kwenye sifuri, au nguzo hazisimami kabisa

Hii ndo ya mzee. Jinsi ya kuhakikisha: hailaiti seli zako za namba (ziburutie kipanya mpaka zibadilike rangi) kisha angalia ule ukanda wa chini kabisa ya dirisha. Kama unaona "Sum" na "Average", hizo ni namba. Kama unaona "Count" peke yake basi hayo ni maneno yamevaa nguo za namba. Dalili nyingine ni kwamba zimeegemea kushoto mwa seli, namba halisi inaegemea kulia yenyewe, labda mtu kaibadilisha kwa mkono. Wakati mwingine unaona na kapembetatu ka kijani kwenye kona, hapo una bahati, hailaiti zote, bonyeza ile alama ya mshangao inayotokea, chagua "Convert to Number", umemaliza.

Kapembetatu kasipotokea, kuna kilichoganda kwenye namba. Bonyeza Ctrl+H, kwenye "Find what" andika kg, kwenye "Replace with" usiandike kitu, afu "Replace All". Rudia kwa /= na rudia kwa nafasi. Kama seli zilishawekwa kwenye fomati ya "Text" hata ukifuta hizo kg zitabaki maneno, kwa hiyo kwanza zirudishe "General".

Sasa kuna ile ya namba zilizokopiwa kutoka WhatsApp au kwenye PDF au kwenye tovuti, hii imenitesa siku nzima mara ya kwanza. Unaangalia seli unaona 350, hamna kg, hamna chochote, unafuta nafasi kwa Ctrl+H inakwambia haijapata kitu. Kumbe ipo nafasi ila sio nafasi ya kawaida, ni herufi nyingine kabisa inayofanana na nafasi. Dawa yake: ingia ndani ya seli kwa F2, hailaiti hiyo nafasi yenyewe iliyojificha mwishoni, ikopi, bonyeza Esc, afu kaipesti kwenye "Find what". Hapo inaondoka.

Na nukta. Kuna wanaoandika elfu kumi na mbili mia tano hivi: 12.500. Kompyuta iliyosetiwa kwa Kiingereza inasoma kumi na mbili na nusu. Chati inatokea vizuri tu, hailalamiki, ila mwezi wa Juni umezama na mnaanza kutafutana ubaya kwenye kikao. Ukiona mwezi mmoja umezama ghafla angalia nukta kwanza kabla ya kumwangalia mweka hazina.

Kama unataka hizo kg zionekane, na zinapendeza kweli, usiziandike. Andika namba tupu, hailaiti, Ctrl+1, nenda "Custom", andika #,##0" kg" ukimaliza "OK". Macho yanaona 120 kg lakini seli ina 120. Kwa pesa fanya #,##0"/=" na chati nayo itaibeba hiyo fomati mpaka kwenye mhimili wake, ule mstari wa pembeni wenye namba.

Dalili: chati nyeupe pee, haina kitu

Mara nyingi ulikuwa umebonyeza seli tupu mbali na data wakati unaingiza chati. Raiti kliki kwenye huo weupe, "Select Data", hailaiti data yako, basi.

Kama ilikuwepo jana na leo imepotea, kuna mtu kaficha mistari au kaacha filta. Chati haichori mistari iliyofichwa, ndo tabia yake. Ukitaka ichore hata kilichofichwa, humohumo kwenye "Select Data" kuna kitufe "Hidden and Empty Cells", weka tiki kwenye "Show data in hidden rows and columns". Kikumbuke hicho kitufe, tunakirudia.

Vitufe vya kuingiza chati vimekufa, rangi ya majivu, havibonyezeki? Soma juu kwenye jina la faili, kama kuna neno "Group" umehailaiti shiti zaidi ya moja bila kujua, raiti kliki kwenye jina la shiti chini, "Ungroup Sheets". Kama hakuna basi shiti imefungwa kwa paswedi, mtafute aliyeifunga. Na kama chati zako zote zimeyeyuka kwa pamoja, jaribu Ctrl+6, kuna mtu kagusa hiyo bila kujua na vitu vyote vimejificha.

Dalili: mwaka umegeuka mstari

Una kolamu ya mwaka, 2019 2020 2021 na kuendelea, pembeni idadi ya wanachama. Unachora, unapata mistari miwili, mmoja uko juu kule kwenye elfu mbili umenyooka kama reli na mwingine uko chini unatambaa, na huko chini badala ya miaka imeandikwa 1, 2, 3, 4. Excel imeona mwaka ni namba ikadhani unataka uchorwe. Njia ya mkato ni kufuta kichwa cha kolamu ya mwaka, ile seli ya juu kushoto iache tupu, ndo uchore. Ukishachora unaweza kukirudisha. Kama hutaki kuanza upya, "Select Data", upande wa kushoto futa hiyo "Mwaka" kwa "Remove", upande wa kulia bonyeza "Edit" uihailaiti miaka yako bila kichwa.

Inakaribiana na hii: ulitaka miezi ikae chini na samaki wawe rangi, imekuja kinyume. Excel huwa inahesabu mistari na kolamu, upande ulio na vingi ndo inaupeleka chini. Bonyeza "Switch Row/Column" usiumize kichwa.

Dalili: tarehe zimevurugika

Hapa pana mambo matatu na watu wanayachanganya.

La kwanza, chini pameandikwa 45292 badala ya tarehe. Hiyo ni tarehe, imevuliwa nguo tu. Excel inahesabu siku kuanzia 1 Januari 1900 ikiwa siku ya 1, na 45292 ni 1 Januari 2024. Raiti kliki kwenye mhimili, "Format Axis", shuka kwenye "Number", mpe fomati ya tarehe.

La pili ndo baya. Kompyuta nyingi za mtumba zinakuja zimesetiwa kwa Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi unaanza ndo siku. Umeandika 05/04/2024 ukimaanisha tano Aprili, yenyewe imeelewa nne Mei na haikuulizi. Umeandika 13/05/2024, inajua hakuna mwezi wa kumi na tatu, inaiacha iwe maneno. Kwa hiyo kolamu moja ina tarehe zilizopinduka na tarehe ambazo sio tarehe, na chati inaruka kama ngalawa kwenye kusi. Utaijua kwa kuangalia tu, nusu zimeegemea kulia nusu kushoto. Nenda kwenye mipangilio ya Windows, "Region", weka Kiingereza cha Uingereza, halafu RUDIA kuingiza hizo tarehe kutoka kwenye daftari au faili la mwanzo. Kubadilisha mpangilio peke yake hakuzirudishi zilizokwisha pinduka, zitabadilika sura tu, ubaya unabaki ndani. Zile zilizobaki maneno zinaweza kuokolewa bila kuandika upya: hailaiti, "Data", "Text to Columns", "Next" mara mbili, chagua "Date" na "DMY", "Finish".

La tatu ni la watu wa zahanati na walimu. Unaandika makundi ya umri, 1-5, 6-10, 11-15. Ukienter, 6-10 imekuwa 6-Oct au 10-Jun kutegemea kompyuta yako. Kabla ya kuandika, hailaiti hizo seli uziweke "Text", au anza na alama ya ' ndo uandike 6-10. Hiyo alama haitaonekana kwenye chati. Ukishachelewa, kuibadilisha fomati haitoshi, itakupa namba kama ile 45292, itabidi uandike upya. Pole.

Dalili: mstari unashuka mpaka chini ghafla halafu unapanda

Hii nataka tukae nayo, mana hapa hata wanaojua Excel wanateleza, na mimi mwenyewe yule mzee ndo kanifundisha.

Tulipomaliza zile kg nikamchorea chati ya dagaa ya siku kwa siku, mwezi mzima. Mstari ukawa unaenda vizuri afu katikati ya mwezi unaanguka mpaka sifuri, siku nne tano hivi, afu unapanda tena. Mzee kaiangalia akacheka, akasema hapo umetusingizia, hapo palikuwa na mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, dagaa wanafuata mwanga, mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi mana bahari yote inang'aa, watu wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo siku zile hawakwenda. Chini yake akanionyesha siku nyingine, tarehe ya ishirini na kitu, kaandika 0 kwa mkono wake, akaniambia hii ni sifuri ya kweli, tulitoka, tukachoma mafuta, tukarudi mikono mitupu.

Kwenye daftari lake hizo zinajieleza, moja ni mstari mtupu na nyingine ni 0. Kwenye chati yangu zilikuwa kitu kimoja. Na mtu wa ofisini akiiona anasema kikundi hiki kila mwezi kina wiki nzima hakipati kitu.

Kama seli ni tupu kweli: "Select Data", kile kitufe chetu "Hidden and Empty Cells", kuna chaguo tatu. "Gaps" inaacha pengo, mstari unakatika. "Zero" inaangusha mpaka chini. "Connect data points with line" inavuta mstari juu ya pengo kama vile kitu hakikutokea. Mimi kwa siku za kupumzika naweka "Gaps", ukweli uonekane kuwa hapo hakuna data. Hiyo ya kuunganisha naitumia pale ambapo kitu kilikuwepo ila hakikupimwa, mfano kina cha maji kisimani, mpimaji kaumwa siku mbili lakini maji hayakuacha kuwepo.

Kama umeweka "Gaps" na bado mstari unaanguka, basi seli yako sio tupu, ina fomula inayotoa "" na inaonekana tupu kwa macho. Hilo ni neno, neno refu la herufi sifuri, na neno tulishasema linachorwa sifuri. Badilisha fomula itoe NA(), mfano =IF(B2="",NA(),B2). Seli itaandika #N/A, inachukiza lakini chati haitaiangusha chini. Kwenye Excel za zamani itaunganisha mstari juu yake, kwenye Excel za Microsoft 365 kuna tiki ya ziada palepale, "Show #N/A as empty cell", ndo inakupa pengo. Kama #N/A zinakukera machoni zipake rangi nyeupe kwa "Conditional Formatting", mimi nafanya hivo.

Na kuna mtego mwingine wa jirani. Kama siku za mbalamwezi hukuziandika kabisa, yaani daftari linaruka kutoka tarehe 12 mpaka tarehe 17, pengo halitokei hata uweke nini, mstari unaunganisha tu. Lazima tarehe ziwepo na seli ya kilo iwe tupu. Na angalia "Format Axis" kama imechaguliwa "Date axis" au "Text axis". "Text axis" inabana, tarehe 12 na 17 zinakaa bega kwa bega kama siku zinazofuatana. "Date axis" inaweka nafasi ya siku zilizokosekana. Lakini kwa chati ya nguzo, hiyohiyo "Date axis" inaweza kukuletea nguzo nyembamba kama njiti za kiberiti ukiwa na data ya mara moja kwa wiki, mana inagawa nafasi kwa kila siku, hapo ndo "Text axis" inafaa.

Dalili: kitu kimoja kikubwa, vingine havionekani

Angalia kwanza kama umebeba na mstari wa JUMLA. Watu wengi mno. Jumla ikiingia kwenye chati inasimama kama mnara na miezi yote inakuwa nyasi chini yake.

Kama jumla haimo, basi umeweka vipimo viwili kwenye mhimili mmoja. Kilo ziko mia mbili mia tatu, shilingi ziko laki nne laki tano, kilo zitaonekanaje? Zipo, zimelala chini. Zinahitaji mhimili wao wa pili, upande wa kulia. Shida ni kwamba huwezi kuziraiti kliki mana hazionekani, vijana wanakwamia hapo. Bonyeza chati popote, nenda tabu ya "Format", kona ya juu kushoto kuna kisanduku kinaandika "Chart Area", kibonyeze, inashuka orodha, chagua "Kilo", halafu hapo chini yake "Format Selection", weka "Secondary Axis". Sasa zitainuka, ila kama zote mbili ni nguzo zitapandana, moja inaificha nyingine. Geuza moja iwe mstari kwa "Change Series Chart Type". Kuanzia Excel 2013 kuna "Combo" inafanya yote kwa pamoja, ya dukani kwangu ni 2010 kwa hiyo mimi bado nazunguka.

Mihimili miwili ikiwepo andika majina kwenye kila mmoja. Tafadhali. Nimeshaona kikao kinabishana nusu saa mtu anasoma kilo kwenye upande wa shilingi.

Dalili: chati inakubali kuchora lakini inasema uongo

Hii haina alama ya kosa popote kwa hiyo mbaya zaidi.

Binti mmoja wa chuo alikuja na data ya mwani, kapima uzito wa kamba za mwani kwa siku ya 0, 7, 14, 28 na 45. Kachora "Line". Chati ya mstari haijui kwamba kati ya 28 na 45 kuna siku nyingi kuliko kati ya 0 na 7, kwake hayo ni majina tu kama Mkinga, Muheza, Pangani, inayapanga kwa umbali sawa. Mwani ukaonekana umeshtuka mwishoni umekua kwa kasi ya ajabu, tena alishaandika aya nzima ya kuelezea kwa nini. Mhimili wa chini ukiwa ni vipimo visivyolingana hatua tumia "Scatter" yenye mistari. Tulipobadilisha, mstari ukanyooka, aya ikafutwa.

Nyingine ni mhimili wa pembeni kutoanzia sifuri. Namba zikikaribiana, mfano 480, 490, 500, Excel yenyewe inaweza kuanzia 465 na hapo tofauti ndogo inaonekana mlima. Kwa nguzo mimi naanzia sifuri siku zote, "Format Axis", "Minimum" andika 0. Mtu mmoja alinitaka niiache hivohivo inavutia wafadhili. Nikamwambia mgosi, mimi nitaprinti, ila jina langu usiliweke. Kwa mstari sio dhambi kuanzia juu ila asomaye aone namba.

Chati duara, ile pai: samaki aina kumi na nne, vipande kumi na nne, rangi zimeisha zinarudiana. Acha vitano vikubwa, vingine viunganishe uviite Wengineo, au tumia nguzo za kulala. Za kulala nazo zinajipanga kinyume, wa kwanza kwenye data anakaa chini kabisa, dawa yake "Format Axis" kwenye majina, tiki "Categories in reverse order". Na asilimia zikijumlishwa zikaleta 101 au 99 usihangaike, ni kukadiria tu, ongeza desimali moja.

Majina yanaruka, mwezi unaonekana mwezi hauonekani? "Format Axis", "Labels", "Specify interval unit" weka 1.

Dalili: nimeongeza data, chati haisogei

Chati inajua mipaka uliyompa siku ya kwanza. Ibonyeze, utaona data imezungushiwa mstari wa rangi, shika kona uvute mpaka mstari mpya. Ukichoka kuvuta kila mwezi, hailaiti data yote ubonyeze Ctrl+T, iwe jedwali, kuanzia hapo ukiandika mstari mpya chini chati inaufuata yenyewe.

Kama namba za fomula zenyewe ndo hazibadiliki, bonyeza F9. Zikibadilika, faili liko kwenye hesabu za mkono, "Formulas", "Calculation Options", "Automatic". Hii inaambukiza, Excel inafuata mpangilio wa faili la kwanza ulilofungua siku hiyo, kwa hiyo unaweza kulaumu faili ambalo halina kosa.

Chati inabanwa kila ukipunguza kolamu au ukifilta? "Format Chart Area", "Properties", "Don't move or size with cells".

Wa Google Sheets kwenye simu na kompyuta, magonjwa ya seli ni yaleyale, ongeza moja tu: kama mwezi wako wa kwanza umegeuka jina la mstari, kwenye "Chart editor" ya kompyuta ondoa tiki ya "Use row 1 as headers" au andika vichwa vya kolamu.

Dalili: huku iko sawa, kwenye Word au kwenye karatasi imeharibika

Ukikopi chati ukaipesti Word, kwa kawaida inabaki imefungwa kamba na lile faili la Excel. Ukibeba Word kwenye flashi ukaja dukani bila Excel, picha inaonekana lakini ukitaka kubadilisha namba inakataa, faili halipo. Kwa ripoti iliyoisha pesti kama "Picture". Kuna chaguo la kuingiza faili zima, "Embed", nalo uwe macho nalo, linabeba SHITI ZOTE za hilo faili, sio chati tu. Ripoti ya kikoba imetumwa kwa watu na ndani yake kuna orodha ya nani anadaiwa ngapi, hiyo nimeiona kwa macho yangu na sitasema ya nani.

Ukibonyeza printi ikatoka chati peke yake imejaa karatasi nzima, ulikuwa umeibonyeza chati. Bonyeza seli yoyote tupu kwanza ndo uprinti, jedwali na chati vitatoka pamoja.

Sasa rangi. Chati ya mzee ilipokamilika ilikuwa imependeza, kilo za bluu, pesa mstari wa machungwa, mapengo ya mbalamwezi yanaonekana yamekaa mahali pake na chini yake tukaandika kwa maneno siku za kupumzika. Akauliza kopi ya rangi bei gani, nikamtajia, akanyamaza kidogo akasema toa nyeusi. Bluu na machungwa kwenye printa ya wino mweusi vyote ni majivu mamoja, huwezi kujua kilo ipi pesa ipi. Kwa hiyo kabla hujaja dukani: mstari mmoja uache mzito mwingine uweke wa nukta, "Format Data Series", "Dash type", nguzo zijaze michoro kwa "Pattern fill", na kama zina majina mawili matatu tu ondoa lejendi, kile kisanduku cha majina ya rangi, uandike jina palepale pembeni ya mstari. Tukafanya hivo, nikatoa nakala sita, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye ileile leso.